Uso wa Gari la Marcelo

Katika muda wote aliokuwa akiunda gari lake, Marcelo Machibya aliona mambo mengi ambayo wengine hawakuyaona. Alitambua kwa ncha ya kidole bati lililopinda unywele mmoja, na alisikia beringi inayoelekea kuchoka kabla haijaanza kulia. Lakini hakuona kwamba kila jioni mkewe, Felisita, alipanda akaketi upande wa dereva. Tuseme kweli: alimwona. Mtu hawezi kutomwona mkewe ndani ya gari lisilo na milango. Ambacho hakukiona ni kwamba mwanamke yule hakuwa akipumzika.

Gari lenyewe lilizaliwa katika miaka ya ruksa, pale ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa watu binafsi na kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako Marcelo alikuwa fundi mitambo, kikafunga mageti yake. Bariadi wakati huo ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Marcelo alirudi nyumbani kwake Somanda na sanduku la spana na mazoea ya kuamka mapema. Wenzake walirudia majembe. Yeye alianza kukusanya vyuma.

Zamani, kupata hata mkanda wa feni kulitaka kibali na kumjua mtu. Sasa Mwanza kulikuwa na maduka yenye injini zilizotoka Japani, zimelazwa sakafuni kama ng'ombe wanaocheua, na yeyote aliruhusiwa kupita katikati yake akichagua. Injini ya Marcelo ilitoka huko, kwenye tumbo la pikapu. Chesisi ilikuwa ya Landrova iliyotelekezwa na kuota majani. Bodi aliikata mwenyewe katika mabati mazito ya mashine za kiwanda zilizouzwa kama chakavu. Mbele kulikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu; nyuma, sanduku wazi la kubebea mizigo.

Na mbele kabisa kulikuwa na uso. Marcelo aliuponda kwa nyundo ya mbao juu ya gogo la mkwaju, akaupa mashavu mawili ya taa na vijiti vya chuma vilivyopindwa kimoja kimoja ili hewa ipite. Watu waliokuwa wakienda hospitali ya jirani kuwaona wagonjwa walisimama kuutazama. Wengine walisema gari linatabasamu. Siku hizo Marcelo alitembea kichwa juu.

Kilichobaki kilikuwa kupoza injini na kulainisha usukani. Hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa yakipatana kichwani yakagombana ndani ya chuma.

Kila aliyepata kusafiri kutoka Bariadi kuelekea Meatu anaijua mbuga: udongo mweusi, gari linakwenda kwa gia ndogo, injini inanguruma na upepo hauingii. Marcelo aliwahi kuona malori ya pamba yamesimama humo yakitoa mvuke, madereva wamekaa kivulini wakiyangoja kama watu wanaomngoja mgonjwa azinduke. Kwa sababu hiyo alichagua rejeta ya lori, pana na nene. Alikuwa pia na pampu ya pawa stelingi pamoja na boksi lake, vilivyotolewa kwenye gari dogo lililovunjwa. Puli ya injini ilikuwa na mfereji wa ziada unaongoja mkanda wa pampu hiyo. Tatizo lilikuwa nafasi. Rejeta ile ilikaa karibu mno na feni, kiasi kwamba pampu ikifungwa mahali pake ingeigusa ubavuni. Ili vyote viwili vikae, rejeta ilipaswa kusogezwa mbele. Na mbele kulikuwa na uso.

"Ngosha, mwanamume wee, chagua moja," alisema Method, mchomeleaji, rafiki yake tangu kiwandani, miwani ya kuchomelea ameipandisha juu ya paji. "Ama maji, ama mikono laini."

"Injini ikichemka mbugani, mikono laini itanisaidia nini?"

"Basi acha hiyo pawa. Si tuliendesha matela ya pamba na stelingi kavu? Hakuna aliyekufa."

"Thomasi alivunjika kidole gumba."

"Thomasi alikuwa anasinzia! Stelingi ilimwamsha tu."

Walicheka. Felisita alikuwa karibu, akipepeta mchele. Aliusimamisha ungo.

"Kwa hiyo usukani utabaki hivyo hivyo, Baba Joyness?"

"Mikono yangu inautosha, Mama Joyness. Usiwe na hofu."

"Yako," alisema Felisita, akaendelea kupepeta.

Marcelo alilichukua neno lile kama sifa. Pampu na boksi lake vikafungwa kwenye gunia na kusukumwa chini ya benchi. Rejeta ikafungwa, mipira ya maji ikakazwa, na gari likazungushwa Bariadi nzima kwa gia ndogo mchana wa jua kali. Sindano ya joto ilipanda hadi katikati, ikatulia hapo. Marcelo aliitazama kwa furaha ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Haikupita muda, dereva wa lori la pamba akateremka mbele ya nyumba na salamu kutoka kijiji kimoja ng'ambo ya Mwanhuzi, mji wa Meatu. Zilikuwa za Salu, kaka yake Felisita. Mama yao, Nyanjige, amevimba miguu; akilala chali pumzi inakatika, hivyo analala ameketi. Waje.

Walifunga safari asubuhi iliyofuata. Marcelo alijaza rejeta, akabeba dumu la maji ya akiba, akakagua kila mpira kwa mkono. Gari sasa lilikuwa limepata kitu cha kufanya, na yeye pamoja nalo. Njia nzima alifikiria maji. Hakufikiria kiti.

Hilo linashangaza, kwa kuwa hakuna mtu aliyeishika miiko ya ukwe kuliko yeye. Tangu siku ng'ombe wa mahari walipoingia zizini kwa Nyanjige, Marcelo hakuwahi kumshika mkono mama mkwe wake, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni. Wakikutana njiani, yeye alichepuka majanini na mama akajifunika khanga na kugeuka. Maneno yao yalipita kwa Felisita. Wote wawili walikuwa wamebatizwa, na padre aliwahi kuwaambia kwamba Mungu hamkatazi mtu kumsalimia mama wa mkewe. Walimsikiliza padre kwa adabu, wakaendelea kuchepuka. Haikuwa hofu. Ilikuwa namna ya Marcelo kumwambia mama yule kila mara: mtoto uliyenipa, sijamzoea kama kitu changu.

Na mtu huyohuyo alikuwa ameunda gari lenye kiti kimoja.

Walifika mchana. Marcelo alilisimamisha gari ndani ya ua wa minyaa, karibu na zizi, akashuka na kwenda kusimama upande wa pili wa nyumba, kama ilivyopasa. Kutoka huko alisikia Felisita akimsalimia mama yake kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," na sauti nyembamba ikijibu kwa vipande, pumzi ikiingia kati ya neno na neno. Baadaye Felisita alimfuata.

"Hawezi kulazwa nyuma. Akilala anazama. Lazima akae wima, aegemee."

"Basi akae mbele."

Felisita aligeuka akalitazama gari. Ndipo Marcelo alipoliona gari lake kwa mara ya kwanza: kiti kirefu, bega kwa bega, yeye kwenye usukani na mama mkwe wake akipumua shingoni mwake njia nzima mpaka Bariadi.

"Mama anasemaje?" aliuliza.

"Anasema mkwe wake ni mtu mwema. Anasema gari ameliona na limempendeza. Anasema hawezi kuingia."

"Mwambie nitafumba macho."

"Uendeshe umefumba macho?"

Salu, aliyekuwa ameegemea ukuta, alicheka kwa huzuni. "Shemeji, mngekuja hata na Method basi."

"Method naye alikuja pamoja na shemeji yako kuleta ng'ombe wa mahari," alisema Felisita. "Kwa mama, naye ni mkwe." Kisha alinyoosha mkono kwa mumewe. "Nipe funguo. Wewe utapanda nyuma."

Marcelo alimpa. Felisita aliingia, akakaa kama mtu anayerudi mahali pake. Alikanyaga klachi, akaingiza gia, akaliondoa gari taratibu, bila kulikwamisha wala kulirusha. Lilipiga hatua zake za kwanza chini ya mikono yake kana kwamba linamjua.

Lakini ili gari lifike mlangoni kwa mgonjwa, lilitakiwa kuzunguka kona ya zizi, na hapo ardhi ilikuwa samadi laini. Magurudumu ya mbele yalizama kidogo. Felisita alivuta usukani kwa mikono miwili. Akainuka kitini, akaweka uzito wote wa mwili wake. Mishipa ya shingo ikamtoka. Usukani ulizunguka kidogo, ukagoma. Gari likaenda moja kwa moja hadi kwenye ua. Minyaa ilivunjika, na utomvu wake mweupe ukatiririka juu ya mashavu yale mawili yaliyopondwa kwa nyundo ya mbao.

Kutoka mlangoni ilisikika sauti ya Nyanjige, safari hii bila khanga kuifunika: "Acha, mwanangu. Acha. Utajiumiza bure."

Salu alifunga maksai kwenye mkokoteni. Walimpandisha mama, wakamkalisha wima katikati ya magunia ya pamba, wakashika njia ya Mwanhuzi, kwenye hospitali iliyo karibu. Felisita alikaa naye, akimshika mgongo. Marcelo alilitoa gari kwenye minyaa na kuwafuata kwa mbali, mwendo wa maksai, vumbi la mkokoteni likiingia kupitia vijiti alivyovipinda kimoja kimoja. Jua lilikuwa kali na upepo hakuna. Sindano ya joto ilisimama katikati, haikutikisika. Rejeta ilifanya kazi yake bila kosa lolote, njia nzima, nyuma ya ng'ombe.

Hospitalini walimpa Nyanjige dawa ya kupunguza maji mwilini. Wakasema moyo umechoka. Apumzike kwa ndugu hapo mjini hadi apate nguvu kidogo, kisha apelekwe kwa daktari wa Bariadi, na awe akirudishwa kwa daktari huyo kila dawa zikikaribia kwisha.

Wakati wa kurudi, Marcelo na mkewe walisafiri hadi mbuga ilipoanza.

"Ulijifunza wapi kuendesha?" aliuliza Marcelo.

"Kwa masista. Kabla hujanioa. Nilikuwa nawapeleka sokoni na kliniki."

"Nilijua ulikaa kwa masista. Nilijua ulipika."

"Nilipika pia."

"Hukuniambia, Mama Joyness."

Felisita alitazama nje, mahali ambapo pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa na miti yake kubaki mikavu. "Kila jioni nilikaa pale ukiniona. Niliuzungusha mpaka mabega yakauma, nipime kama nitauweza. Nilikuwa nawaza siku kama ya leo, mama akiugua, nani atamleta. Nilikuuliza habari ya usukani mara ngapi? Ukanijibu habari ya mikono yako."

Marcelo alibadili gia. Aliendesha. Katika kila kona aliuhisi usukani ukimsukuma viganjani, uzito uleule aliokuwa akiupenda, na kwa mara ya kwanza akautambua kuwa ni mlango alioufunga mwenyewe kwa ndani, mkewe akiwa nje.

Walipofika nyumbani alilivuta gunia kutoka chini ya benchi.

Method alipokuja na kukuta mistari ya chaki imechorwa kuvuka mashavu ya gari, alidhani rafiki yake ana homa.

"Unakata uso? Huu?"

"Rejeta iende mbele, pampu ikae."

"Kwa ajili ya mama mkwe! Ngosha, watakucheka kutoka hapa mpaka Nassa kule ziwani."

"Nassa watavua samaki wao. Washa mashine."

"Litafanana na kiboko mwenye jino bovu."

"Kiboko hachemki," alisema Marcelo.

Method alilizunguka gari, akausugua utomvu uliokaukia kwenye shavu la kushoto, akaacha utani. Alishusha miwani machoni na kuwasha mashine.

Walikata. Vijiti vile vilianguka mchangani kimoja baada ya kingine. Rejeta ilisogezwa mbele na kuwekewa fremu ya vyuma vya pembe, imechomoza nje kama kidevu. Pampu ilikaa kwenye nafasi iliyopatikana, mkanda wake ukaingia kwenye mfereji uliokuwa ukiungoja. Boksi jipya la stelingi lilichomelewa kwenye chesisi. Marcelo alimkatalia Method kila mchomeleo wenye hata shimo la sindano, kwa sababu, alisema, kitu hiki kikikatika hakikatiki peke yake. Mipira ya mafuta ilipitishwa mbali na joto la injini. Juu ya rejeta hakurudisha uso. Alifunika kwa wavu wa chuma uliotoka kwenye mashine ya kuchambulia pamba, basi.

Kazi ya mwisho haikuwa ya mtu mmoja. Mafuta mapya yakiingia kwenye mfumo wa pawa huwa na hewa, na hewa hutolewa kwa kuuzungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa, huku mtu mwingine akiangalia mafuta kwenye kopo lake. Marcelo aliinua gari juu ya magogo. Kisha alifuta mikono, akaenda hadi jikoni.

"Mama Joyness, nakuhitaji pale."

Felisita alitoka na mikono yenye unga. Hakuuliza ni wapi. Alipanda, akawasha injini, akauzungusha usukani. Pampu iliguna kama mtu anayeinua mzigo. Povu lilijaa kwenye kopo.

"Taratibu," alisema Marcelo, macho yake kwenye mafuta. "Kulia. Ufikapo mwisho usiulazimishe. Rudi."

Aliuzungusha kwenda na kurudi. Mapovu yalipungua, yakawa machache, yakakoma. Mguno wa pampu ukageuka kuwa mlio mwembamba, sawasawa. Marcelo aliyashusha magurudumu chini, mchangani, akamwomba auzungushe tena gari likiwa limesimama. Felisita aliweka kiganja kimoja tu. Usukani ulimfuata.

Aliuzungusha hadi mwisho, akaurudisha, akakaa mikono ikiwa mapajani. Alikuwa analia kidogo, bila sauti. Method aliinama akatafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

Walikwenda kumchukua Nyanjige alipopata nguvu. Dirisha dogo la nyuma ya kiti lilitundikwa khanga. Marcelo alikaa kwenye sanduku la mizigo, mgongo wake umeegemea bati la kabini, uso wake ukitazama njia iliyokwisha kupitwa. Hivyo ndivyo alivyosafiri kuvuka mbuga katika gari aliloliunda mwenyewe: haoni linakokwenda, haoni sindano ya joto, mikono mitupu. Kila Felisita alipokata kona, alisikia pampu ikiguna chini, akajua. Mara kwa mara sauti ya mkewe ilipita kwenye bati: "Katikati, Baba Joyness!" Naye akajua kwamba injini ni salama.

Katikati ya mbuga alisikia sauti nyingine. Ilikuwa nyembamba, yenye kupumzika kati ya maneno, lakini haikuwa imefunikwa na kitu. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuisikia ikizungumza hivyo, sauti ya mwanamke aliyestarehe na binti yake. Ilisimulia habari za mbuzi, za jirani aliyeuza pamba kwa wanunuzi wawili kwa wakati mmoja akakimbizwa na wote, na Felisita akacheka hadi gari likayumba. Kisha ikauliza:

"Huyo mkwe wangu huko nyuma yu hai?"

"Yu hai, mayu."

"Mbona kimya?"

"Anaisikiliza injini."

Nyanjige alikusanya pumzi. Aliposema tena, alisema na bintiye, ila alipaza sauti kupita kiasi kinachohitajika kwa mtu aliyekaa bega kwa bega naye. "Mwambie kwamba nimekaa vizuri. Mwambie gari lake lilikuwa zuri mwanzo, nililiona. Na sasa limekuwa baya, nalo nimeliona. Mwambie nimeona yote mawili."

Felisita hakuurudia ujumbe. Hapakuwa na haja. Marcelo alijua kwamba hapaswi kumjibu mama mkwe wake. Akainua mkono, akagonga bati kwa kiganja, polepole, kama mtu anayebisha hodi na kubaki nje. Ndani, yule mama alicheka.

Nyanjige aliletwa Bariadi kwa njia hiyo kila dawa zilipokaribia kwisha, hadi masika ya mwaka uliofuata, alipofariki nyumbani kwake, ameketi, ameegemea ukuta. Marcelo hakuwahi kumwona uso. Siku ya mazishi alisimama upande wa pili wa nyumba, mahali pake, na gari lilisimama kwenye kona ya zizi lilipoegeshwa na Felisita.

Tangu mwaka ule, Felisita ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo, na Marcelo, kabla ya kugusa boliti yoyote, alimwuliza kwanza.